Urbanus Nzioka na Unga wa Kinyumba

Leo Ijumaa, tarehe 30 Juni 2006, saa kumi jioni, Mzee Urbanus Nzioka atafunga sanduku lake la vifaa katika karakana yetu ya Othman Safaris, Machakos, na Jumatatu hatalifungua. Atakuwa ametimiza miaka ishirini na miwili na miezi kumi kazini. Mimi Antony, fundi wa umeme, nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu mkurugenzi wetu, Bi. Mwanatumu Othman, alisema wenzangu wana mwandiko mzuri lakini hawana maneno. Darasa la nane nilifika, cheti sikukichukua, ila maneno niko nayo.

Mzee alikuja Septemba 1983 kutoka Kathiani, akiwa mwembamba (akikataa msimsikize, picha ipo ofisini), akaajiriwa kuziba pancha. Hakuziba nyingi. Baba yake Bi. Mwanatumu, marehemu Mzee Othman, alimkuta akinyoosha mlango wa Land Rover kwa nyundo ya mbao bila kuacha alama hata moja. Siku hiyo hiyo pancha akapewa mtu mwingine.

Lakini huwezi kumtaja Mzee Urbanus bila kutaja Kinyumba. Kwa wageni wetu ambao hawajakiona, Kinyumba ni chumba kinachobebwa mgongoni mwa pikapu. Kina vitanda viwili, jiko la gesi, sinki, kabati na miguu minne ya chuma. Ukishusha miguu na kufungua bolti, pikapu inatoka chini yake na chumba kinabaki kimesimama peke yake kama meza. Kilikuja 1991 na watalii wawili waliokwama Katelembo. Wenyewe wakarudi kwao kwa ndege, Kinyumba kikabaki kwetu, sakafu imeoza mpaka mguu unapita.

Mzee aling'oa sakafu yote akaweka mbao mpya. Ukuta akaufunika kwa alumini. Springi za nyuma akaziongezea bamba moja, maana pikapu ilikuwa inatembea imekaa chini kama mbwa. Pampu ya maji ya kukanyaga akaibadilisha ikawa ya umeme. Sanduku la mtungi wa gesi akalitoboa chini, kwa kuwa gesi ikivuja hushuka, na hakuna mteja aliyelipia safari ili alipuke na chai yake.

Zikaja mvua za El Niño, mwaka wa 1997. Kinyumba kilirudi na unga wa wateja umemwagika kabatini. Mahali pakavu ulikuwa mweupe, na mahali maji yalipopita umeganda mstari. Wengine tungefagia. Mzee alichuchumaa akautazama ule mstari hadi akaupata mwanya wenyewe. Tangu siku hiyo Kinyumba hakitoki getini bila kipimo cha unga. Mzee hunyunyiza unga wa ngano ndani kwa chekecheo la mkewe, Mama Kalondu, hufunga mlango, kisha tunakipiga maji ya mpira nusu saa. Unga hauna rafiki. Palipovuja utapaona.

Tabia yake ya pili ni penseli. Kila kilichotengenezwa huandikwa ndani ya mlango wa kabati: kazi, tarehe na jina la fundi. Ukiharibu pia unaandikwa. Dereva wetu Erastus yuko pale, Agosti 2002. Asubuhi hiyo alisahau kwamba bolti zimefunguliwa na miguu iko chini, akatia gia akaenda zake. Mteja alibaki ndani anachemsha mayai. Erastus alifika Mitaboni akijisifu kwamba pikapu leo ina nguvu. Baada ya hapo nilifunga taa nyekundu kwenye dashibodi inayowaka miguu ikiwa chini, kazi safi sana, na hiyo pia imeandikwa.

Sasa nifike mahali ambapo wengi wenu mnapangoja, kwa sababu mmesikia ya mitaani.

Mapema mwaka jana magodoro ya Kinyumba yalirudi yamelowa mara mbili. Bi. Mwanatumu akasema, "Mzee Urbanus, heshima yako iko pale pale, lakini mteja hawezi kulala kwenye maji." Akampa wiki tatu. Jumatatu tarehe 14 Machi angekuja kushuhudia kipimo, na kama unga ungelowa, Kinyumba kingechukuliwa na Bwana Titus wa Mitaboni akifanye banda la kuku. Titus alikuwa ameshakuja na futi yake kupima. "Mia mbili wataenea," alisema, mbele ya Mzee. Mbele yake kabisa! Mzee alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na kazi yake ya miaka kumi na minne ilikuwa inaelekea kutagiwa mayai.

Alibandua paa zima. Akaweka bati jipya la alumini, akapiga ribiti kila inchi mbili, akabadilisha raba za madirisha. Jumamosi akajaribu unga, ukabaki mkavu kabisa. Akaenda Kathiani kwake akiwa anaimba.

Hapo ndipo mimi, fundi hodari, nikaona nikimalizie. Nilipanda juu nikafunga paneli ya sola. Mashimo manne, bolti nne, silikoni juu yake. Nilimwambia Katunge, mpishi wetu, kwamba taa za ndani zitawaka mpaka ndege ya Nairobi ipotee njia. Vumbi la kutoboa sikulifuta, ingawa silikoni haishiki penye vumbi. Nani anafuta vumbi Jumamosi mchana?

Jumatatu tulinyunyiza unga, tukapiga maji, tukafungua. Sakafu nyeupe. Kabati jeupe. Kitandani, pale mteja anapoweka kichwa, madonge manne yaliyolowa, makubwa kama kaimati. Katunge aliyatazama, akanitazama. "Haya, ndege imepotea," akasema.

Bi. Mwanatumu alikuwa bado hajafika. Nikamwambia Mzee, "Tufagie, tunyunyize mwingine. Hatajua."

Kavisi ni mtoto wa kiume kwa Kikamba, na ndilo jina aliloniita. "Kavisi, mwezi ujao kinakwenda Marsabit; mvua ya huko utaifagia na nini?"

Bi. Mwanatumu akaingia, na nyuma yake Titus na futi. Mzee alimpeleka mwenyewe hadi kitandani, akanyoosha kidole. "Hapa kunavuja. Na hapa, na hapa, na hapa. Alhamisi hakutavuja."

"Nani ametoboa paa?"

"Karakana," akasema Mzee. Basi. Jina langu hakulitaja, na mimi nilikuwa nimesimama pale na drili mkononi.

Bi. Mwanatumu aligusa donge moja kwa kidole. Kisha akasema, "Tangu nikiwa msichana wa baba nimeonyeshwa magari mengi hapa. Hakuna mtu amewahi kunionyesha tobo kabla sijaliona mwenyewe. Bwana Titus, rudi Ijumaa."

"Na kuku wangu?"

"Wakae walipo."

Siku tatu zile Mzee alinifanya nifute paa kwa petroli mpaka kitambaa kirudi cheupe kama kilivyokwenda. Mashimo tuliyaziba kwa vipande vya alumini, raba chini, ribiti pembeni. Paneli tukaipa fremu ya chuma iliyoshikwa kwenye kingo, isiguse paa. Alhamisi tulipiga maji saa nzima. Bi. Mwanatumu aliinama kitandani akapuliza, unga ukamrukia usoni. Mwezi wa nne Kinyumba kikaenda Marsabit siku ishirini na moja na kurudi na magodoro makavu. Titus alijenga banda la mabati. Huwa anatuletea mayai, na akipita Kinyumba hugeuza uso.

Mlangoni mwa kabati, lakini, Mzee aliandika kama kawaida: "Mashimo manne. Antony. 14/3/2005." Nimemwomba afute, nimembembeleza, hata soda nimemnunulia. Hafuti. Wiki hii niliingia kubadilisha balbu nikakuta mstari mpya chini ya ule, penseli ile ile: "Mvua tatu zimepita. Hapajavuja. U.N." Balbu nilichelewa kuimaliza, na sababu sisemi.

Mzee Urbanus, kwa niaba ya Bi. Mwanatumu na karakana nzima, asante kwa kazi na kwa kutovumilia uvivu wetu. Mama Kalondu, asante kwa chekecheo. Tumenunua letu, lako linarudi nyumbani. Spana namba kumi na tatu usiyowahi kumwazima mtu, nenda nayo, umeishinda. Mkae vizuri Kathiani, mle muthokoi wenu wa mahindi na maharagwe kwa amani, na paa lenu lisidondoshe hata tone.

Kinyumba kinatoka Jumatatu. Unga nitanyunyiza mimi. Leo asubuhi nimeandika mlangoni, na jina langu nimeliweka mwenyewe kwa herufi kubwa: "Urbanus Nzioka amekabidhi. Kinyumba kikavu. Amepokea ANTONY. 30/6/2006."