Mama Chubuko, Aliyekusanya Sarafu Zilizoumia

Ndugu, majirani na wote mliofika, tunausoma wasifu huu tukiwa bado hatujaamini kwamba tunausoma. Wiki iliyopita dada yetu alikuwa akitupigia simu kutukumbusha tusichelewe kwenye shughuli yake ya Jumamosi. Shughuli tuliyokutana kwayo leo siyo ile.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966, mtoto wa kwanza kati ya wanne, katika nyumba za wafanyakazi wa reli ambako baba yetu alikuwa fundi wa taa za njiani. Alikuwa na masikio makubwa na maswali mengi. Mama anasema alichelewa kutembea kwa sababu kila alichokiona sakafuni alikaa nacho kwanza.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1973, kisha sekondari, akamaliza kidato cha nne mwaka 1983. Akiwa darasa la tatu alitumwa chumvi, akarudi mikono mitupu.

"Chumvi iko wapi?" mama akamuuliza.

"Treni imepita juu yake."

Akafungua kiganja. Sarafu aliyopewa ilikuwa imekuwa bapa na ndefu kama ulimi, sura zote zimefutika. Alichapwa, na mboga siku hiyo zililiwa hivyo hivyo. Sisi wadogo zake tulikasirika kuliko mama.

Mwaka 1986 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, na huko alifanya kazi mpaka alipostaafu mwaka 2021. Waliowahi kuingia mle wanajua joto lake: mashuka ya wodi zote, mvuke, na mashine za kukaushia zinazonguruma mpaka watu wanazungumza kwa mikono. Siku moja mwaka 1989 mashine mojawapo ya kufulia ilianza kuvuja. Alipochungulia, aliona mahali pa wosha ya kuzuia maji pamewekwa sarafu iliyotobolewa katikati.

"Nani ametoboa hii?" aliuliza.

"Mimi," akajibu fundi wa hospitali, kijana mgeni aliyekuwa amelala chali chini ya mashine. "Duka lilikuwa limefungwa."

"Na serikali ikijua?"

"Itajuaje, wewe usiposema?"

Hakusema. Walioana tarehe 7 Desemba 1991, na Mungu akawajalia binti na mtoto wa kiume. Shemeji yetu ni mtu wa utani. Alizoea kuwaambia wageni kwamba wenzake walioa wanawake wenye hela, na yeye pia alioa mwenye hela, ila hazinunui kitu.

Utani huo ulitokana na jambo lililotokea mwaka 1994. Ndani ya mashuka ya wodi ya watoto ilikutwa sarafu iliyojikunja ukingo kwa kuzungushwa kwenye mashine, imechubuka yote, na pembeni ina tundu lililokaa upande. Msimamizi wake alimwambia aitupe, maana hata dukani wasingeipokea. Yeye akaiweka dirishani. Wiki kadhaa baadaye alikuja mama mmoja, akasimama mlangoni, akaona haya kuingia.

"Samahani, dada zangu. Najua mtanicheka. Mwanangu alikuwa na sarafu shingoni. Baba yake aliitoboa kwa msumari. Mtoto alipofariki, sikuikuta."

Dada yetu aliitoa dirishani akampa. Yule mama aliigeuza, akapitisha kidole kwenye lile tundu, akakaa chini pale pale kwenye saruji yenye maji. Hakuna aliyemcheka. Mashine zilizimwa mpaka alipoweza kuinuka.

Tangu siku hiyo dada hakuweza kuitupa sarafu yoyote iliyoumia. Alizikusanya zilizokunjwa, zilizoungua, zilizokatwa kwa msumeno, zilizokwanguliwa na watoto kwenye ukuta. Wafanyakazi wenzake wakamwita Mama Chubuko, na jina likamshika kuliko lile alilopewa na wazazi. Watu walimletea, naye hakupokea mpaka asimuliwe kilichotokea. Msipomwambia, alikaa na hiyo sarafu na kukisia wiki nzima, na chakula cha jioni kikaliwa katikati ya makisio.

Wakati fulani aliingia katika duka la mzee auzaye sarafu za kale. Mzee akaiangalia aliyompelekea, akamrudishia.

"Mama, wanunuzi wangu wanatafuta zilizokosewa kiwandani. Hii ilitoka kiwandani nzima. Imeharibiwa mtaani. Haina thamani."

"Hilo najua. Mimi nataka kujua imepigwa na nini."

Mzee akaitazama upya kwa kioo chake. "Nyundo," akasema. "Mara mbili. Ya kwanza alikosea."

Walicheka wote wawili, na urafiki ukaanzia hapo. Mzee akawa anamwekea zote alizokuwa akizitupa, na ndiye aliyezungumza na mkutubi wa maktaba ya mji hadi likapatikana kabati la vioo la kuzionyesha. Ufunguzi ulipangwa Jumamosi, tarehe 8 Juni 2024.

Katika wasifu kama huu huwa kuna mahali pa kueleza ugonjwa. Hapa hatuna cha kueleza. Dada yetu hakuugua. Alhamisi, tarehe 6 Juni, asubuhi, alizungumza na binti yake kwa simu, wakabishana kuhusu gauni: mama alitaka la kijani, binti akasema linamzeesha. Wakacheka, wakaagana bila kukubaliana. Akaenda maktaba kuzipanga sarafu zake.

Mkutubi anasema walikuwa karibu kumaliza. Marehemu akasema, "Naona kizunguzungu, mwanangu, ngoja nikae." Mkutubi akaenda chumba cha nyuma kumletea maji. Aliporudi alimkuta ameinamisha kichwa juu ya kioo, akadhani anazitazama kwa karibu.

Shemeji alinipigia simu. "Njoo. Dada yako amekaa, haamki." Nilimkuta shemeji kwenye korido ya hospitali alikokimbizwa dada, ile ile waliyoifanyia kazi wote wawili, spana ingali mkononi, na hakuna aliyethubutu kuichukua. Daktari alituambia ni mshipa wa damu uliopasuka kichwani, na kwamba hata kama yeye daktari angekuwa pale pale, asingewahi kufanya lolote. Tulimwomba arudie. Akarudia. Bado hatukuelewa.

Mkutubi aliuliza kama aahirishe ufunguzi. Shemeji akamjibu, "Fungua. Alishaalika watu." Jumamosi tukaenda tukasimama kando ya kabati. Wengi walikuja bila habari. Bibi mmoja aliyekuwa amefurahi sana alitugeukia akauliza, "Mwenyewe yuko wapi? Nimemletea moja." Binti wa marehemu alinyoosha mkono akaipokea, akamwambia, "Tusimulie ilikuwaje."

Marehemu ameacha mume. Binti na mtoto wa kiume. Mkwe mmoja na wajukuu watatu. Wadogo zake watatu, nikiwamo mimi ninayesoma. Na mama yetu mzazi, mwenye umri wa miaka themanini na miwili, aliyeketi hapa mbele. Mama alikwisha kujishonea nguo yake ya kuzikiwa, akamkabidhi mzaliwa wake wa kwanza amtunzie. Juzi, wakati sisi tukihangaika tumvalishe marehemu nini, mama alikwenda mwenyewe kabatini kwa bintiye, akaitoa, akaikung'uta.

"Mvalisheni," akasema. "Mimi nitashona nyingine."

Ndiyo aliyoivaa. Dada yetu apumzike, na amani isimwache.