Mkalimani wa Daktari Henry

FABIAN: Haloo? Haloo, naongea na nani?

ANJELINA: Na mimi, Fabian. Dada yako.

FABIAN: Aa, dada Anjelina. Shikamoo. Namba sikuitambua.

ANJELINA: Marahaba. Laini mpya hii, ile simu ya zamani ilitumbukia kwenye ndoo wakati wa msiba. Na salamu ya kwetu, mbukwa. Hujambo huko Singida?

FABIAN: Mbukwa, dada. Tunasukuma siku. Vipi Miyuji, watu wa matanga wameshaondoka?

ANJELINA: Wengi. Turubai limerudi kwa wenyewe, nyumba imekuwa kubwa ghafla. Amebaki Daktari Henry.

FABIAN: Yule Mzungu wa macho? Rafiki wa baba?

ANJELINA: Huyohuyo. Yuko sebuleni anatafuna karanga.

FABIAN: Msalimie sana. Dada, nina kikao cha walimu sasa hivi—

ANJELINA: Kitasubiri. Niambie kitu kimoja tu. Ruthu wangu anajua Kiingereza?

[Mtandao unakwaruza.]

FABIAN: Swali gani hilo, dada? Mtoto yuko chuo kikuu, mwaka wa pili.

ANJELINA: Sikuuliza yuko wapi.

FABIAN: Alipata daraja la kwanza, tena shuleni kwangu. Picha yake nimeitundika ofisini, kila mzazi anayeingia namwonyesha. Uko na nani hapo?

ANJELINA: Niko uani peke yangu. Mbona waniuliza?

FABIAN: Nimeuliza tu.

ANJELINA: Haya. Nisikilize, na usinikate. Siku tunamzika baba, Daktari alipopewa nafasi ya kusema, Ruthu alisimama kando yake kutafsiri. Yule mzee alianza kwa sauti ya chini, vizuri. Kisha akatabasamu. Akashika usukani wa hewani, akapiga pedeli, akayumba, akaonyesha mtu anavyokwenda chini miguu juu. Hadithi gani ile, Fabian?

FABIAN: [anacheka kidogo] Ya baiskeli. Baba alimpakia kwenye keria, wakaingia wote korongoni.

ANJELINA: Ehee. Tulilala nayo na kuamka nayo hadithi ile. Basi Daktari akamaliza, akatutazama, anangoja tucheke. Ruthu akasema, "Anasema, ndugu waombolezaji, leo nguzo imeanguka."

FABIAN: Aa.

ANJELINA: Kina mama wakaangua kilio. Shangazi akajitupa chini. Mzungu wa watu akashangaa, halafu akatoa leso, akalia na yeye.

FABIAN: Labda mtoto aliona si mahali pa utani. Tafsiri si neno kwa neno, dada. Mtu anachukua maana—

ANJELINA: Nami nilijipa moyo hivyohivyo. Lakini ndani kitu kikawa kinanitekenya. Nikamfuata jikoni anachambua mlenda, nikamuuliza babu alisemwa nini pale. Hakuninyanyulia macho. Akasema alisikia jina la babu na neno "good", mengine akayatoa kwenye misiba mingine aliyowahi kuhudhuria.

FABIAN: Watoto wana maneno.

ANJELINA: Nikamuuliza, na mtihani je? Hapo akaacha mlenda akaanza kulia.

FABIAN: Akasema nini?

ANJELINA: Nataka nisikie kwako.

FABIAN: Mimi nitajuaje mtoto wako kasema nini jikoni kwako?

ANJELINA: Alisema kabla ya mtihani mliwakusanya bwaloni, mwalimu anasoma majibu, wao wanayaimba kama kwaya. Walipoingia chumba cha mtihani, maswali ni yaleyale.

FABIAN: Dada. Mambo haya hayazungumzwi kwenye simu.

ANJELINA: Kwani yana nini?

FABIAN: Hayana kitu. Yalikuwa marudio. Kila shule inafanya marudio.

ANJELINA: Kwa maswali yaleyale?

FABIAN: Mwalimu mzoefu anaotea.

ANJELINA: Yote?

[Mtandao unakwaruza.]

FABIAN: Unajua shule za kulipia zimefunguliwa ngapi siku hizi? Zimekuwa kama maduka ya Chang'ombe. Mzazi akija haulizi mtoto atajua nini. Anauliza mwaka jana mlitoa daraja la kwanza ngapi. Zikipungua, nafunga shule. Na wewe usijitoe, dada. Matokeo yalipotoka nani alichinja mbuzi?

ANJELINA: Mimi.

FABIAN: Ulimuuliza Ruthu hata neno moja la Kiingereza siku ile?

ANJELINA: Sikumuuliza. Hapo umenishika.

FABIAN: Basi tuyaache. Watu walilia, baba kazikwa kwa heshima. Nani kadhurika?

ANJELINA: Bado. Ni kesho.

FABIAN: Kesho kuna nini?

ANJELINA: Daktari anaanza kambi ya macho Buigiri. Wazee wenye vikope na mtoto wa jicho wameshaanza kuletwa, wengine kwa mkokoteni. Yule muuguzi Lydia aliyekuwa anamtafsiria amehamishwa. Sasa Daktari kaona watu walivyolia kaburini, kaamini hajapata mkalimani kama huyu. Amemchukua Ruthu. Amempa na koti jeupe.

FABIAN: Si kazi ngumu hiyo. Maneno machache tu.

ANJELINA: Daktari atasema dawa hii ni ya matone, tia jichoni, usiinywe, usiiname, jicho lisiguswe na maji. Ruthu atawaambia nini wale wazee? Mungu ni mwema?

FABIAN: [anashusha pumzi] Amkatalie. Aseme anaumwa.

ANJELINA: Ameshindwa. Kila anachoambiwa anajibu, "Yes, Doctor. No problem." Koti hajalivua tangu asubuhi, anajitazama kwenye kioo. Nimemwambia mwanangu, haya ni macho ya watu. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, amechukua kamusi, ataikariri leo. Ndivyo mlivyomzoesha, Fabian. Hata chuoni anasema ni hivyohivyo, wanagawana madesa, yale makaratasi ya kunakili, wanakariri, wanapita.

FABIAN: Basi mwambie Daktari wewe mwenyewe.

ANJELINA: Kwa lugha gani? Mimi nimeishia la saba. Yeye Kiswahili chake ni "pole" na "karibu".

FABIAN: Dereva wake?

ANJELINA: Wa kukodi. Kiingereza chake ni kushoto, kulia na simama.

FABIAN: Tafuta mtu hapo nyumbani akutafsirie.

ANJELINA: Hapa nyumbani mtu gani anatafsiri?

FABIAN: Ruthu.

ANJELINA: Ndiyo maana nimekupigia. Wewe una digrii, ni mkuu wa shule, ni mjomba wake. Mwambie Daktari kwa upole atafute mwingine. Usimwaibishe mtoto. Sema amefiwa na babu yake, anahitaji kupumzika. Nampelekea simu.

FABIAN: Ngoja, dada. Ngoja kwanza. Kikao—

ANJELINA: Ni sentensi mbili.

FABIAN: Nitamwandikia barua. Kiingereza cha kuandika kina heshima zaidi—

ANJELINA: Kambi ni kesho. Niko mlangoni. Huyu hapa, nampa.

[Sauti ya Mzungu: "Hello? Hello? Hello!" Upande wa Fabian mtu anakohoa mbali na simu.]

ANJELINA: Fabian. Amenirudishia. Anatikisa kichwa.

FABIAN: Mtandao, dada. Sikumsikia kabisa.

ANJELINA: Amesema haloo mpaka jirani kachungulia.

FABIAN: Huku kumekata.

ANJELINA: Mimi nakusikia hata unavyopumua. Unajua nakumbuka nini sasa? Pale kaburini mwinjilisti alikuita wewe kwanza, mtoto wa marehemu. Ukasema sauti imekauka kwa kulia, ukamsukuma Ruthu mbele. Nilidhani ni uchungu wa baba.

FABIAN: Ilikauka kweli.

ANJELINA: Mdogo wangu, na wewe digrii yako—

FABIAN: Dada, salio linakwisha. Linakwisha hili, itakatika—

ANJELINA: Simu nimepiga mimi, Fabian. Vocha nimeikwangua mwenyewe.

FABIAN: Haloo? Haloo?

ANJELINA: Sawa. Usihangaike. Nenda kwenye kikao chako. Ruthu huyo anakuja na chai, nitamaliza mwenyewe.

FABIAN: Utafanya nini?

ANJELINA: Ah, mtandao umerudi?

FABIAN: Dada, fikiri. Utamvunja mtoto. Na yule Mzungu atauliza amesoma wapi, aliyemfundisha ni nani. Nina wanafunzi mia tatu hapa, nina walimu wanakula kwangu—

ANJELINA: Atauliza. Nina hakika atauliza. Kwaheri, Fabian, wasalimie nyumbani. Ruthu, weka chai mezani, mama. Njoo ukae hapa, karibu na Daktari. Kuna neno nataka umwambie, ulitafsiri kama lilivyo.

FABIAN: Dada Anjelina. Dada.

ANJELINA: Mwambie hivi, mwanangu: "Mama anasema mimi sijui Kiingereza." Polepole. Nakungoja.

FABIAN: Dada, usi—

[Simu imekatwa.]