Mtafiti Mkuu Aliyesaini Bila Kusoma

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Mmezoea mie ndiye nawapima presha hapa kikundini. Leo nimeomba nikae upande wa wagonjwa, nyie mnisikilize.

Ndugu zangu, nawaambia, neno "mkuu" ni tamu. Kampuni moja ya dawa ilileta majaribio ya dawa ya kisukari hospitalini kwetu huku Temeke, ikanichagua niwe mtafiti mkuu. Nyumbani tukapika pilau. Mkataba ulikuja umebandikwa vikaratasi vya rangi, "saini hapa, dokta," nami nikasaini kila palipobandikwa. Sikusoma hata ukurasa mmoja. Msicheke, na nyie mnasainigi hivyo hivyo.

Mwezi wa tatu wa majaribio, mama mmoja wa Chamazi aliyekuwa anameza dawa ile akaja macho yamegeuka manjano. Akaniuliza, "Mwanangu, ni hii dawa yenu?"

Nikatoka nje kuwapigia kampuni. Msimamizi wao akanijibu, "Dokta, soma mkataba. Huruhusiwi kumwambia mshiriki lolote kuhusu madhara mpaka tukupe kibali cha maandishi."

Nikarudi kwa yule mama nikamwambia, "Tuvute subira." Akaondoka na dawa zake mkononi. Hapo ndipo nilipoanguka, ndugu zangu, na sitaki mnipunguzie.

Jioni ile nikausoma mkataba wote. Kila uamuzi ulikuwa wa kampuni, kila kosa likawa la mtafiti mkuu. Nililia kwa aibu, kisha kwa hasira.

Asubuhi sikungoja kibali. Nikaenda Chamazi mpaka kwake. "Shikamoo mama. Yawezekana ni dawa. Usimeze tena. Jana nilipaswa kukwambia, nikaogopa."

"Marahaba," akasema. "Nilijua unaogopa. Haya, nichukulie kanga yangu pale, twende hospitali."

Nikaripoti kwa kamati ya maadili. Kampuni ikaniondoa, ikatishia kunipeleka mahakamani. Wapo madaktari wenzangu walioacha hata kunisalimia. Lakini yule mama alipona, alhamdulillahi.

Kuna mwanasheria hapa kati yetu, sitamtaja. Jumamosi baada ya Jumamosi alikaa na mie tukaandika mkataba mmoja, ambao kila mtafiti mkuu hospitalini kwetu atautumia, ije kampuni yoyote. Kifungu cha kwanza kinasema mgonjwa aambiwe madhara siku hiyo hiyo, bila kuomba ruhusa ya mtu. Uongozi umeupitisha.

Dada yangu huyo, asante. Na nyie mlioleta uji nilipokuwa sili, asanteni sana. Ninalowaachia ni dogo: kuuliza si ujinga, na kusoma si kumdharau aliyeleta karatasi.

Jumatatu inakuja kampuni nyingine. Wameshaomba kifungu cha kwanza kilegezwe kidogo. Nitawakaribisha vizuri, nitawapa chai, na sitasaini.