Fungu la Watoto wa Sikujua

Mastura alimwinua baba yake, akamwekea mto wa pili mgongoni, kisha akarudi kukaa kwenye mkeka miguuni pa kitanda. Tangu daktari alipowaambia wamrudishe nyumbani Kivinje, alikuwa hahisi kitu. Alipika uji, alifua mashuka, alimjibu kila mgeni maneno yanayostahili, na ndani mwake kulikuwa kimya kama chumba kilichohamwa. Kaka yake mkubwa, Idd, alikaa kitini karibu na dirisha. Tawakali, mdogo wao, alikuwa ameingia asubuhi hiyo kutoka Mingoyo. Wa nne ndiye aliyewashangaza: Kornelio, mkulima mzee wa Tingi, ambaye watu wake walikuwa wakiishi kwenye shamba la familia tangu enzi za mababu. Mzee Haruna ndiye aliyeagiza aitwe.

"Shikamoo, Mwinyi," Kornelio alisema, akabaki mlangoni.

"Marahaba. Ingia. Kaa hapa kitandani, sina sauti ya kukufikia huko."

Kornelio akavua makubadhi, akakaa ukingoni kabisa, kama mtu aliyekalia kitu cha kuazima. Mzee Haruna akafumba macho, akaanza.

"Sikilizeni, wanangu, na wewe Kornelio sikiliza, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia maneno. Namtanguliza Mola aliyenileta, na kwake narejea. Nimewazika wa rika langu wote, mama yenu nimemzika, na mtu akibaki peke yake barazani ajue zamu iliyobaki ni yake. Lisilobudi hutendwa. Nyumba hii haina maneno, itagawiwa kama sharia isemavyo. Maneno yako kwenye shamba la Tingi, ambalo halijapata kugawanywa tangu alipokufa babu yangu, Mwinyi Shomari, kwa sababu kila aliyetaka kuligawa alikutana na swali asilopenda kulijibu.

"Babu huyo mmesimuliwa kuwa alikuwa mkarimu, na kweli alichinja na kulisha watu. Lakini nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Minazi ile hakupanda hata mmoja. Ilipandwa na watu aliowanunua hapahapa Kivinje, wametoka bara na minyororo shingoni, na alipokufa wakahesabiwa pamoja na minazi. Ndugu zake wakawagombania uani: huyu wangu, yule ana mikono ya kazi, huyu kikongwe mchukue wewe. Baba yangu aliyaona hayo akiwa mtoto. Alinisimulia mara moja tu, na hakunitazama usoni.

"Kati ya watu hao walikuwamo mtu na mdogo wake, wasichana wa Kingindo. Majina waliyopewa na mama yao hakuna aliyeyahifadhi. Mkubwa aliitwa Faida, mdogo akaitwa Sikujua. Sikujua alipelekwa shambani. Faida babu alimweka ndani, akawa suria wake, akamzalia mtoto wa kiume, na mtoto wa suria kwa sharia ni huru, hurithi kama wenzake. Mtoto huyo ndiye baba yangu. Usitazame dirishani, Idd. Wewe unayejitaja Mshirazi kila penye shughuli, bibi aliyemzaa babu yako alinunuliwa kwa vitambaa. Na Sikujua alizaa kulekule shambani, akamzaa mama yake huyu Kornelio."

Mastura alimtazama Kornelio, akatafuta moyoni mshangao wowote, asiupate. Aliona tu kwamba masikio ya yule mzee yalikuwa yamekaa kama ya baba yake, na kwamba alikuwa akiyaona masikio hayo tangu utotoni.

"Mwinyi," Kornelio alisema polepole, "mama alijua. Sote tunajua. Alituambia tusiseme mpaka nyinyi mseme."

Mastura akamlowesha baba yake midomo kwa kijiko cha maji.

"Basi mama yako alinishinda," aliendelea. "Alinishinda tangu wakati wa vijiji vya ujamaa. Wanangu, mkutano uliitishwa Tingi ili shamba ligawiwe wanakijiji, nami nilikuwa hapa mjini, hakuna aliyeniambia. Yule mama akasimama mbele ya wakubwa, akasema shamba lina mwenyewe, na mwenyewe yuko Kivinje. Angenyamaza, lingekuwa lake. Undugu ni kufaana, si kufanana, na yeye alitufaa bila kuitwa ndugu. Nilimpelekea doti ya kanga. Akapokea kwa mikono miwili.

"Sasa nasema. Theluthi ya shamba, upande wa bondeni, toka penye maji hadi barabarani, na mikorosho yake, ni ya watoto wa Sikujua. Kornelio ataisimamia."

"Baba," Idd alisema, "huyu si mrithi."

"Ndiyo maana nampa theluthi ya wasia. Mrithi hausiwi, fungu lake Mungu kamwekea. Iliyobaki ni yenu watatu, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja, na Mastura fungu lake lianzie penye kisima, asiende kuomba maji kwa mtu."

"Bondeni nimeshampatia mtu, baba. Anatoka Dar. Ameshapapima."

"Najua. Mmesimika bikoni, nguzo za wapimaji, mpaka kwenye makaburi ya watumwa. Kazing'oe, mwanangu. Sikulaani, sina nguvu ya kulaani, nakuomba. Umeuza usichokuwa nacho kwa mtu asiyejua anachonunua. Na wewe Tawakali, usikae katikati ukingoje atakayeshinda. Tangu utoto hiyo ndiyo tabia yako. Mastura..."

Akatafuta mkono wake juu ya shuka. Mastura akaupeleka.

"Mastura, wewe umenifulia. Radhi yangu unayo, hata usiponililia. Nimekuona. Usijilazimishe.

"Mnizike Tingi. Si hapa na akina Mwinyi Shomari. Bondeni, safu ya chini, bibi Faida yuko huko, kaburi halina jina. Kornelio anapajua. Msinijengee. Mwenye haki kwangu aseme, mumpe... na msigombane kabla sijapoa. Kornelio, usiniite Mwinyi tena. Niite... baba yangu na mama yako... niite kaka. Mungu awape... awakunjulie... nyote, na watoto wenu, na hao wa... maji, mwanangu."

Mastura akampa maji. Mzee hakusema tena kitu cha kueleweka, na kesho yake, kabla ya adhuhuri, alifariki.

Idd alitaka azikwe Kivinje. "Watu watauliza," alisema.

"Waambie," Mastura alimjibu.

"Niwaambie nini?"

"Alichosema. Ulikuwepo."

Idd akamgeukia Tawakali. Tawakali akatazama chini, kisha akasema, "Tingi, kaka." Basi jeneza likapelekwa Tingi. Baadaye Tawakali alimsimulia dada yake kwamba bikoni moja ilikuwa imesimama hatua chache kutoka kaburini, na kwamba Idd aliizungukazunguka, akavua koti, akaing'oa mwenyewe.

Mastura hakuyaona hayo. Wanawake walibaki nyumbani Kivinje, wamejaa sebuleni. Cecilia, mke wa Kornelio, alifika na wake za wanawe, kuni kichwani, wakapitia mlango wa uani kama walivyopita katika misiba yote ya nyumba ile, wakaanza kuwasha moto. Mastura aliinuka mkekani, akatoka uani, akamshika Cecilia mkono.

"Moto watawasha wengine, mama mdogo. Njoo ndani."

"Nguo zangu zina masizi."

"Njoo."

Akamkalisha kwenye mkeka wa wafiwa, ubavuni pake. Shangazi mmoja aliyetoka Lindi akainama sikioni mwa Mastura, akauliza huyu ni nani.

"Mfiwa," Mastura alisema. "Mpishe."

Shangazi akasogea. Mastura aliketi akingoja machozi, na machozi hayakuja. Mwanamke wa kwanza kuingia alimpa mkono yeye, akasita, kisha akamwinamia Cecilia.

"Pole, mama."

Cecilia alifuta viganja kwenye kanga yake, akaupokea ule mkono.

"Nimeshapoa," alisema.