Mama Shaba Anashuka Mlimani

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, mjiolojia wetu mkuu anastaafu. Hapa kambini wote tunamwita Mama Shaba, hata meneja.

Alifika wakati kambi ni mahema tu na mtambo mmoja wa kuchoronga miamba, na mji wa karibu ulikuwa mwendo wa siku nzima kwa lori, barabara ikikubali. Ana tabia inayowachekesha wageni: akiokota jiwe, hulilamba. Jiwe likilowa, chembe za madini huonekana vizuri, na ulimi uko karibu kuliko ndoo. Akiwa bi harusi mpya alijisahau, akalamba jiwe uani kwa wakwe zake. Mama mkwe alipomwona alijua moja kwa moja kuwa ni mjamzito, akaanza kufuma sweta la kichanga. Mimba haikuwepo. Sweta lilikaa kabatini hadi binti alipozaliwa, miaka miwili baadaye.

Binti huyo alilelewa na bibi yake, maana mama alikuwa huku juu na likizo zilikuwa za kuhesabu. Safari moja alifika nyumbani, mtoto akakimbilia ndani kumwambia bibi kuna mgeni. Mama Shaba hutusimulia hayo akicheka, lakini chai yake huwa haimalizi.

Kazi yake kubwa tunaijua. Mshipa wa shaba ulikatika ghafla kwenye ufa wa mwamba, na makao makuu yakatuambia tufungashe virago. Yeye akashikilia kwamba zamani mwamba uliteleza, ukashuka na shaba yake upande wa pili. Akaomba shimo moja la mwisho. Lilipotoa jiwe lenye madini ya shaba, ya manjano yanayong'aa, alililamba, akakaa chini, akalia. Wengi wetu tumesomesha watoto kwa sababu ya shimo lile.

Mwaka huu uongozi ulimwomba aongeze mkataba, nasi tukamsihi bila aibu. Akatujibu kwamba binti yake ni mjamzito, na safari hii si habari ya jiwe. Binti amemwomba awe naye atakapojifungua. Hatua za kwanza za mwanawe alisimuliwa, akasema; za mjukuu anataka kuziona mwenyewe.

Tulipopakia mizigo yake tulitegemea mawe matupu. Kumbe amechukua moja tu, na juu yake lile sweta, limefuliwa na kukunjwa vizuri.

Mama Shaba, asante kwa kutulea. Tunakupenda, na mlima utapwaya bila wewe. Nenda salama, uwe na afya na siku nyingi za furaha, na ukifika mlangoni asitokee mtu wa kukuita mgeni.