Kipande cha Tano

Benchi liko kwenye kibaraza cha duka langu la kushona, kati ya mlango na dirisha. Msumari, seremala wa ng'ambo ya barabara, ndiye aliyelitengeneza, na ndiye anayekaa mwisho mmoja akilalamika kila siku kwamba paja lake moja liko nje ya mbao. Mwisho mwingine anakaa Koma, mzee aliyesahihisha maandishi ya gazeti miaka thelathini na sasa anatusahihisha sisi. Kando yake anakaa Sindano, muuguzi mstaafu. Mimi, wanayeniita Mama Vifungo, nakaa kwenye kigoda cha cherehani na birika miguuni. Saa kumi alasiri kahawa huwa tayari na tunasimulia. Hadithi ni moja, tuliianza miezi minane iliyopita: bwana mmoja anaajiriwa kufunga nyumba za watu waliohama. Kila mtu anaongeza kipande, na anatakiwa anyamaze kabla hajachoka. Alfajiri, maji ya watoto yakiwa jikoni, mimi naandika tulichosema jana yake. Koma alinipa sharti moja tu: usirudi nyuma kusoma mpaka umalize, utaanza kupendezesha. Nililishika. Juzi hadithi ikafika mwisho. Jana nikasoma daftari lote nikisubiri nguo zikauke, na leo nikawauliza kabla hata sijamimina kahawa.

— Kila siku tunasimulia vipande vingapi?

— Vinne, akasema Koma. Mimi, Sindano, Msumari na wewe. Hiyo hesabu ya chekechea.

— Daftarini viko vitano.

— Siku gani?

— Kila siku.

Koma akavaa miwani. Nikampa daftari. Pembeni mwa kila kipande huwa naandika herufi ya aliyekisema, na changu naweka nukta. Akafunua kurasa za mwanzo, akafunua za katikati, akafunua za mwisho. Kila siku ilikuwa na K, S, M na nukta. Halafu kipande kimoja zaidi, kisicho na alama.

— Mwandiko ni wako, akasema.

— Mwandiko ni wangu. Maneno si yangu.

— Ulikuwa na usingizi, Mama Vifungo, akasema Sindano. Mtu anayeamka saa kumi na moja na watoto wanne anaweza kuandika hata orodha ya sabuni akadhani ni hadithi.

— Orodha ya sabuni naijua. Soma.

Sindano akalichukua daftari, akasoma kimoja, midomo ikitembea. Kisha akanyoosha mkono wote kumpelekea Msumari kule mwisho.

— Ni kizuri, akakubali Msumari. Hiki nadhani nilikisema mimi.

— Wewe? akacheka Koma. Wewe kila kipande chako kina bawaba. Bwana akifika mlangoni unatueleza bawaba, komeo, mbao ilikatwa mti gani. Tunapofika ndani kahawa imepoa. Hiki hakina bawaba hata moja.

— Basi ni chako.

— Kingekuwa changu ningekumbuka. Ni kizuri mno kusahaulika.

— Sikiliza anavyojisifu kwa kitu ambacho si chake, akasema Sindano.

Nikawaambia wasilichukulie kimzaha. Saa kumi na moja dada wa kiwanda cha uchapaji angekuja kuchukua daftari. Kiwanda kimekubali kulichapa, kwa sharti kwamba kila msimuliaji aandikwe jina, aseme vipande vyake ni vipi, na atie saini. Fomu ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Nimeshona suruali za watu miaka kumi na minne, na zote zimechakaa, hata zile nilizozishona vizuri. Hili daftari ndilo kitu cha kwanza ambacho nimekimaliza na hakitarudishwa kwangu kimechanika matakoni. Sikuwa tayari kulirudisha kabatini kwa sababu ya watu wazima watatu wasiokumbuka walichosema.

— Hili ni jambo la kawaida, akasema Koma, akijiweka sawa kama anayetoa darasa. Ukiandika kila siku, saa ileile, mkono unazoea. Siku kichwa kimechoka, mkono unaendelea wenyewe. Nilimwona mhariri mmoja akisinzia kalamu ikatembea mistari mitatu.

— Ilikuwa na maana?

— Ilikuwa tahariri. Haikuhitaji maana.

— Mkono wangu umezoea kushona mapindo, nikasema. Ukienda wenyewe ungeandika mapindo.

Msumari akatikisa kichwa.

— Mimi nasema ni yule bwana mwenyewe. Yule wa funguo. Mtu umempa miguu, umempa kazi, umempa kikohozi, miezi minane unamtembeza. Hata meza ukiitengeneza muda mrefu inaanza kukuambia mguu gani mfupi. Naye ameanza kusema.

— Mtu wa kubuni hasemi, akasema Koma.

— Ulimuuliza?

Sindano hakuwa anawasikiliza. Alikuwa amelichukua tena daftari na alikuwa amekwama kwenye ukurasa mmoja.

— Hapa, akasema. Kipande kisicho na herufi. Bwana anaingia chumbani kwa mgonjwa aliyekwisha kuondolewa, anakuta ndara zimegeuzwa, vidole vinatazama mlango. Nani alisema hivi?

Koma akamwonyesha Msumari kwa kidole, Msumari akanionyesha mimi.

— Mwaka wangu wa pili kazini, akasema Sindano taratibu, mgonjwa mmoja aliniomba nimgeuzie ndara zake zitazame mlango, asipate tabu wakati wa kutoka. Nikamgeuzia. Asubuhi alikuwa amekwenda. Sikumwambia mtu. Hata marehemu mume wangu sikumwambia, maana angesema nimemharakisha.

— Pengine ulituambia ukasahau, nikasema.

— Mama Vifungo, mimi nasahau miwani. Zile ndara sizisahau.

Msumari akanyoosha mkono apewe daftari. Safari hii yeye ndiye aliyetafuta, kidole kikishuka ukurasa kwa ukurasa. Kikasimama. Alisoma kwa muda mrefu kuliko mistari ilivyokuwa.

— Wewe umepekua vitu vyangu, akaniambia.

— Vitu gani?

— Bwana analala sakafuni nyumba ya saba, anatazama juu, anaona chini ya meza pameandikwa jina la mtoto kwa penseli. Chini ya kila meza ninayouza naandika jina la binti yangu. Tangu tumzike. Hata mama yake hajui. Wewe umeinama ukaona, ukaja kunichapisha.

— Nimeinama wapi mimi, na mgongo huu?

— Meza yako ya kukatia nguo aliitengeneza nani?

— Wewe.

— Basi ina jina.

Nikaingia dukani, nikapiga magoti, nikatazama. Lilikuwepo, dogo, kwenye kona ambayo huwa naigonga kwa goti. Miaka sita nimekata vitambaa juu yake. Nilipotoka nikamwitikia Msumari kwa kichwa. Akakunja mikono.

— Sisaini, akasema. Mpaka nijue nani aliyesema hiki.

— Na mimi pia, akasema Sindano. Si kwa ubaya, mwanangu. Lakini siwezi kuweka jina langu kando ya mtu nisiyemjua.

— Bila saini zenu hakuna kitabu, nikasema.

— Najua.

Nilimimina kahawa, kwa kuwa mikono inataka kazi. Koma alinitazama nikimimina, na nikaona uso wake unabadilika.

— Mbona unaleta vikombe vitano?

— Seti ilikuwa ya vikombe sita. Kimoja mwanangu alikivunja.

— Sikuulizi seti. Sisi ni wanne.

— Kinarudi kitupu kila siku. Nilidhani Msumari anaongeza.

— Daktari alinikataza, akasema Msumari. Ni kimoja tu, tangu mwaka jana. Sindano ndiye shahidi.

— Nikinywa viwili silali, akasema Sindano.

Tukamtazama Koma. Koma akasema yeye ana kikombe chake mkononi, tukitaka tumpekue.

Gari la maji likapita. Kisha Sindano, ambaye siku zote ndiye mtulivu wetu, akasema jambo ambalo ningependa asingelisema.

— Tumekaa hapa tukidhani tunamsimulia mtu. Sasa kama ni yeye anayetusimulia sisi? Angalia. Anajua ndara. Anajua meza. Vipande vyetu vinamhusu yule bwana wa funguo. Vipande vyake vinatuhusu sisi. Sisi tunafunga nyumba, yeye anazifungua.

— Wacha maneno hayo, akasema Koma.

— Wewe hujatafuta chako.

— Sina haja.

— Kipo?

Koma akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Hakulishika tena daftari. Nilijua kipo, kwa sababu nilikisoma jana: mzee anapeleka barua hadi dirisha la posta kila Ijumaa na kurudi nayo nyumbani. Sikumuuliza. Kila mtu ana haki ya dirisha lake.

Hapo ndipo dada wa kiwandani alipofika, mkoba begani, viatu vimejaa vumbi, sura ya mtu aliyesimama tangu asubuhi. Akasalimia vizuri, tukaitikia. Akasema yeye ndiye aliyetumwa kuchukua daftari la hadithi, na kama fomu iko tayari ataondoka mara moja, ila angeomba kupumzisha miguu kidogo. Akalitazama benchi. Akaonyesha kwa kidole kati ya Sindano na Msumari.

— Samahani, akasema. Hapa pana mtu?

Ni swali ambalo mtu anauliza kwenye kila benchi duniani, na jibu lake ni karibu, keti. Nikatazama alipoonyesha. Ilikuwa nafasi ya mtu mmoja, inayomtosha kabisa. Sindano alikuwa amembana Koma bega kwa bega. Msumari, ambaye miezi minane analalamika kwamba paja lake liko nje, alikuwa bado nalo nje, na angeweza kusogea ndani wakati wowote. Kikombe cha tano kilikuwa kwenye mbao, kati yao. Sikumbuki nani alikiweka.

 Sindano alitazama mikono yake. Msumari hakusogea hata kidogo.

Dada alisubiri. Kisha akageukia kwangu, maana mimi ndiye mwenye duka.

Nilitoa fomu, nikaiweka juu ya goti. Nikaandika jina la Koma, la Sindano, la Msumari na langu, majina yetu yale ya vyeti, na mbele ya kila jina nikaandika vipande vyake. Chini yangu nikaandika namba tano. Nikampa Msumari kalamu kwanza. Nilidhani atakataa. Alitazama pembeni yake kidogo tu, kama mtu anayechungulia usingizi wa mtoto, akasaini. Akampitishia Sindano fomu kwa mbali, mkono umeinuliwa juu ili usiguse kitu, naye akasaini. Koma akasaini bila kusahihisha chochote, na hilo sijawahi kuliona.

Dada alisoma fomu akiwa amesimama.

— Na huyu wa tano?

— Mwachieni nafasi, nikamwambia.

Alinitazama mimi, akalitazama benchi. Akalitia daftari mkobani, akafunga zipu mpaka mwisho. Nikataka kumpa kahawa, maana ametoka mbali, nikainua birika na likawa jepesi. Nikachungulia vikombe. Vyetu vinne bado vilikuwa vimejaa, hatukuwa tumevionja. Cha tano kilikuwa kitupu.

Dada hakuuliza tena kama anaweza kukaa.