Méthode Byamungu na Jina Alilomwachia Jovithe

Ndugu waombolezaji, familia inawasimulia maisha ya Méthode Byamungu, mtoto wa tatu wa mzee Sébastien na mama Esperance, aliyezaliwa Uvira tarehe 9 Juni 1981, akasoma shule ya msingi hapa Nyakabiga, kisha akasomea informatika, yaani elimu ya kompyuta, chuo kikuu, ambako mwaka 2003 alikutana na Jovithe, rafiki yake wa kufa na kuzikana, ingawa kwa ubishi wao ungedhani ni wake wenza.

Mwaka 2009 walifungua ofisi mtaani Rohero, wakatengeneza programu ya kufuatilia dawa kwenye famasi, wakaitoa kwa ruhusa moja, kwamba kila mtu aitumie, aisome ndani, aibadilishe, amgawie mwenzake. Juu ya hayo hawakugombana hata siku moja, waligombania sababu tu, maana Jovithe aliiita chanzo wazi, akisema programu inayosomwa na wengi hupona makosa haraka, na Méthode aliiita programu huru, akisema hata ingekuwa mbovu, anayeitumia asitawaliwe na aliyeiandika.

Tarehe 14 Agosti 2010 alifunga ndoa na Sephora, Mungu akawajalia Benite na Destin.

Mwaka 2017 Jovithe alitaka kuongeza kipande kilichofungwa, kisichosomeka ndani, cha kampuni ya nje, kwa kuwa kilifanya kazi vizuri, Méthode akakataa katakata, wakaachana, kila mmoja akaondoka na nakala ya programu nzima, kwa sababu ruhusa ile iliwahusu hata wao, na kuachana huko kulimuuma Méthode kuliko alivyokubali kusema.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua, mikono ikakosa nguvu, na Jovithe, bila kuitwa, akawa anamrekebishia makosa ya programu yake, naye Méthode akiyapokea marekebisho hayo huku akinung'unika kwamba kazi ni nzuri, sababu ndiyo mbaya. Februari 2025, akijua hatarudi kazini, alimkabidhi yote, na Jovithe alipomuuliza pale kitandani aiite jina gani, chanzo wazi au programu huru, sisi tuliokuwepo roho zilikuwa juu, kwani neno hilo ndilo alilolipigania miaka yote, akajibu, «Andika yenye unapenda, mi ntakukataza na haki gani?» Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, Sephora akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Nyakabiga waliopika na kukesha nasi, na wafanyakazi wenzake wote, hasa Jovithe, ambaye jana, kabla ya kwenda kuchimba kaburi, alifungua ukurasa wa kwanza wa programu, akafuta maneno yake mwenyewe, «chanzo wazi», aliyokwisha kuyaandika, akaweka «programu huru».

Tunakulilia, Méthode, wala hatufichi. Lala kwa amani.